Upepo wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi. Mjini Azua.
Kompresa, mashine yangu ya kujazia upepo, imekufa. Imekufa mbele ya mteja, tairi likiwa limejaa nusu! Mteja akasukuma gari lake hadi ng'ambo ya barabara, kwa Próspero. Huyo ni kaka wa mke wangu, naye anaziba pancha kama mimi, ila kwake kuna foleni.
Na Ijumaa anakuja Doña Celeste, mwanamama mwenyekiti wa chama cha malori ya ndizi. Anachagua fundi mmoja wa matairi kwa malori yote. Nikimkosa, nafunga duka.
Divina, mke wangu, akasema nikamwulize kaka yake ninunue kompresa gani. Nikamwambia heri nijaze matairi kwa mdomo.

Jumanne, 5 Machi
Kwenye duka la mashine. Muuzaji ni binti mmoja, Yajaira, ana maswali kama polisi. Natumia upepo kiasi gani kwa mpigo? Matairi ya gari dogo au ya lori? Umeme wa mtaani kwetu ukoje? Nikamjibu sikuja kuungama. Akanionyesha moja ya kijivu, tangi kubwa, sura ya punda. Próspero anayo hiyohiyo. Basi nikachukua nyekundu! Ndogo, inang'aa, na presha yake inazishinda zote.
Yajaira akasema, "Kaka, presha siyo wingi wa upepo. Hiyo ni ya maseremala, ya kupigia misumari."
Maneno ya watu wa dukani.
Nimeilipia kwa kuuza friza ya Divina, ile ya kugandishia juisi zake za biashara. Atanishukuru.

Jumatano, 6 Machi
Hajanishukuru.
Tairi la kwanza la lori: upepo wa tangi ukaisha kabla tairi halijanyanyuka. Mashine ikanguruma, ikapata moto, ikazima. Tukasubiri ipoe. Ikajaza kidogo, ikazima tena. Dereva akala wali na maharage, akalala, akaamka, akauliza kama bado ni Jumatano. Kisha akaenda kwa Próspero.
Nikairudisha dukani. Yajaira akasema ikishatumika hairudi.
Divina hasemi nami. Anasema na masufuria, kwa sauti, ili nisikie.

Alhamisi, 7 Machi
Wazo! Chini ya barabara kuna kalavati la maji ya mvua linalotoka uani kwa Próspero hadi kwangu. Saa ya joto, yeye amelala kwenye kiti, nikatambaa nikapitisha mpira wa upepo, nikaufunga kwenye tangi lake, kwenye koki ya nyuma asiyoitumia. Upepo ukaja. Mwingi! Mtamu! Nyekundu nitaiwasha ipige kelele tu.
Divina akasahau kwamba hasemi nami, akauliza mbona nina matope hadi masikioni. Nikasema ni mambo ya kiufundi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwisha.
Doña Celeste alikuja na lori lenyewe. Mfupi, kofia pana, sauti kama honi. Nikabana mdomo wa mpira kwenye tairi. Likajaa kama mama mjamzito wa mapacha.
"Hee! Kadude kadogo hivyo?" akasema. "Umeniweza, mwanangu."
Nilikaribia kulia. Divina alisimama mlangoni, na nadhani alitabasamu.
Hapo ndipo Próspero, kule kwake, akafungua koki ya chini ya tangi kumwaga maji yanayojikusanya ndani. Kumbe kompresa humwagwa maji kila siku! Mimi sijawahi. Tangi likapiga mluzi, na tairi la Doña Celeste likaanza kunywea. Upepo unarudi ulikotoka!
"We kijana," akasema Doña Celeste, "tairi langu linaenda wapi?"
Divina akaufuata mpira kwa macho hadi mtaroni. Akavuka barabara. Doña Celeste nyuma yake. Mimi nyuma yao, nikieleza kwamba haya ni majaribio.
Próspero akautazama mpira, akanitazama mimi. Nilingoja kofi. Akasema tu, "Shemeji, si ungeniomba?"
Afadhali kofi.
Doña Celeste akampa Próspero malori yote palepale. Divina akaingia ndani kwa kaka yake. Hakutoka.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba kimya. Hata masufuria hayasemeshwi.
Mchana Divina alileta bakuli la supu ya muhogo na nyama. Hakuketi. Akasema malori yamemzidi Próspero, anataka tufanye kazi pamoja, nitumie tangi lake, nikipitia mlango wa mbele. Siku nikianza, yeye Divina anarudi nyumbani.
"Eligio, sema ndiyo. Neno moja tu, baba."
Nikasema nitalifikiria. Akaangalia supu, akaniangalia mimi, akaondoka. Nilitaka kumwita. Mdomo ulikuwa umejaa muhogo.
Nikaenda kulifikiria kwenye meza ya wacheza domino. Na nani yupo pale? Jamaa wa pwani anayeuza kompresa ya kujazia mitungi ya hewa ya wapiga mbizi! Ya bluu. Presha yake ni mara ishirini ya ile nyekundu. Na hakuniuliza swali hata moja. Muungwana!
Kwa malipo anataka kitanda. Nikaona kitanda cha watu wawili nakifanyia nini, mtu wa peke yangu? Tumekibeba jioni hii.
Naandika nikiwa sakafuni. Divina akija kuiona hii, hatatamani tena kuondoka.