Ushuru Umefutwa, Nimekwisha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwisha. Simu ya makao makuu asubuhi, chai ikanipalia. Ushuru wa mpakani umefutwa wote! Zamani kampuni ilihitaji viwanda viwili, huku na ng'ambo, maana kuvusha godoro mpakani kulikuwa ghali kuliko kulitengeneza. Sasa kimoja kinatosha nchi zote mbili. Mkurugenzi anakuja mwenyewe kuchagua kipi kifungwe: changu au cha Kipara, meneja wa ng'ambo. Kipara! Mtu anayechekacheka hata kwenye kikao cha hasara.

Nikifungiwa, karo ya watoto je? Kodi ya nyumba je? Dada wa Sponji, fundi wetu wa kukata sponji tangu kiwanda kifunguliwe, ameuliza kama ni kweli tutafungwa. Nikamwambia hayo ni maneno ya vijiweni.

Jioni nyumbani nikajitupa kitandani. Angalau mgongo hauumi siku hizi. Godoro letu hilo, kazi ya mikono yetu! Nikamsifia mama watoto. Akaenda kutazama sufuria jikoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata mpango. Ghala limefurika magodoro yasiyo na mnunuzi. Mkurugenzi akiliona, nimeliwa. Basi lori litapakia mbele ya dirisha la ofisi, litoke lango kubwa, lizunguke nyuma, lishushe, lirudi kupakia tena. Mgeni ataona biashara inachemka. Dereva akauliza anaenda wapi. Nikamwambia haendi popote, ila aende haraka.

Dada wa Sponji akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu hii si fupi, inazunguka kiwanda kizima. Akarudi kwenye sponji zake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mola wangu! Mkurugenzi kafika. Mama mpole, sauti ya chini. Wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Kakaa dirishani na kikombe chake. Lori likatoka, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Likatoka tena, akatabasamu. Kisha akaliona godoro la juu, nailoni imechanika pembeni. Safari iliyofuata, godoro lile lile! Akaniuliza mbona godoro hilo linarudi. Ulimi ukajiendea wenyewe: nikasema wateja wamelirudisha. Akauliza, na hayo mengine? Nikasema hayo pia.

Akaweka kikombe chini.

Kaburi nililiona wazi. Nikaapa magodoro yetu hayana mfano, mimi mwenyewe nalalia hayo hayo, kesho aje nyumbani ashuhudie. Akakubali! Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Alikuja. Alikula vizuri, akaomba aongezwe mchuzi. Mama watoto alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ni mapenzi, nami nikamkonyeza. Tukaenda chumbani sote watatu, nikainua shuka kwa mikono miwili, kwa madaha.

Lebo nyekundu! Kiwanda cha ng'ambo! Cha Kipara!

Mama watoto akaeleza kwa adabu. Ushuru ulipoanza kushushwa kidogo kidogo, duka la mtaani likaanza kuuza ya ng'ambo. Bei nafuu, laini zaidi, naye alikuwa amechoka na manung'uniko ya mgongo wangu. Letu la zamani liko stoo, paka analilalia. Alitaka kuniambia, akaogopa presha yangu.

Mkurugenzi akalibonyeza godoro kwa kiganja, taratibu. "Nilikuja kuliuliza soko," akasema. "Limeshanijibu."

Jumapili, tarehe 9 Machi

Hukumu imetoka. Kiwanda kinafungwa, kinageuzwa ghala la magodoro ya ng'ambo. Mashine na mafundi wanahamia kwa Kipara. Dada wa Sponji ameshafunga mizigo. Kanijia kuniaga, kasema wangeambiwa ukweli mapema, wangejiandaa. Niliumia, siandiki zaidi.

Mimi nimebakizwa. Msimamizi wa ghala, chini ya Kipara! Kesho anakuja kunikagua. Wanasema hutaka kitu kimoja tu kwa watu wake, uaminifu.

Lakini nimejipanga. Kwa hasira jana niliuza lile godoro la Kipara kwa jirani. Tumerudi kwenye letu la stoo, manyoya ya paka kila mahali, mgongo unalia. Ila kabla halijaondoka niliikata lebo nyekundu, nimeishona kwenye hili. Kesho namkaribisha Kipara chakula, kisha chumbani, aone ninavyoilalia kazi yake. Mama watoto kasema nimweleze Kipara ukweli tu. Mwoga sana huyu mwanamke.

Lebo imekaa sawasawa. Mtu akishaona lebo, nani atahangaika kulibonyeza?