Gurudumu la Mbele Lipo

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaniachia baiskeli yake ya safari mpaka Jumamosi, atakapoifuata aende nayo ziarani. Kasema isitoke sebuleni. Nimesikia. Lakini kuna yule Mhasibu ofisini, mama aliyeninyang'anya meza ya dirishani, mwezi wa pili sasa hatusemeshani. Lazima kesho anione nikiwasili nayo. Dukani muuzaji kanishauri kufuli zito la chuma. Nimekataa. Msafiri habebi mzigo. Nimechukua waya mwembamba wa kufungia, wa buluu, rangi moja na baiskeli. Umependeza sana.

Jumanne, 4 Machi
Jioni nimeshuka kutoka ofisini: gurudumu la mbele lipo, limefungwa kwenye nguzo vizuri kabisa. Baiskeli haipo! Waya hauna hata mkwaruzo. Nililifunga gurudumu peke yake, ili waya usichubue rangi ya fremu. Kumbe gurudumu la baiskeli hizi huchomoka kwa kugeuza kishikio kidogo tu. Nani alibuni ujinga huu? Nimelileta nyumbani ndani ya mfuko wa taka. Mke kauliza baiskeli iko wapi. Nimesema iko kwa fundi, inafanyiwa usafi. Kafurahi, kasema kaka yake atanishukuru.

Jumatano, 5 Machi
Siku za mwizi ni arobaini, lakini mimi nina tatu tu. Nimewaza usiku kucha, na nimepata jambo. Mwizi naye ana shida: baiskeli haina gurudumu la mbele. Ataiendesha vipi? Atalirudia gurudumu. Nimenunua mnyororo mnene na kufuli lake.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Mchana nimeketi chini ya nguzo, nimelifunga gurudumu kwenye nguzo na kwenye kifundo cha mguu wangu kwa mnyororo, ili mwizi akilivuta nishtuke. Hakuna aliyevuta. Muda wa kazi umefika, ufunguo uko kwenye koti, koti liko juu ofisini. Ofisi nzima imenipita. Bosi kauliza kama nimegoma. Mwisho kaja Mhasibu na koti langu mkononi. Neno lake la kwanza baada ya miezi yote hiyo: je, baiskeli iliyobaki naihitaji, au gurudumu linanitosha?

Kumbe! Iko kwenye stoo yake, nyuma ya ukuta wa meza yangu! Juzi aliona waya umeshika gurudumu tu, akaokoa kilichobaki kabla mwizi hajapita. Alikuwa akisubiri niulize. Nimuulize vipi, na hatusemeshani?

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja. Kaikagua baiskeli, kaisifu kazi ya fundi, kanishukuru mbele ya mke wangu. Nimezipokea shukrani. Kafurahi mpaka kaniazima baiskeli ya pili tuende wote ziarani.

Sasa tuko nyumba ya wageni. Kazi ya kufunga kanikabidhi mimi, mzoefu. Safari hii sikufanya mzaha: mnyororo mnene, fremu zote mbili, magurudumu yote manne. Shemeji kauliza kutoka kitandani nimezifunga kwenye nini. Nimestaajabu. Msafiri mzima na swali kama hilo! Nimezifunga moja kwa nyingine. Mwizi akitaka moja, itabidi achukue zote mbili.