Mimi Ndiye Niliyeiba Kengele ya Shule

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimehojiwa! Mimi, Yotham, kichwa kikali kuliko vyote Bahi. Mtafiti katoka chuo kikuu, Dodoma mjini. Dada Munira. Anazunguka shule za kata akiuliza habari za uhalifu, polisi na wanafunzi. Kafika hadi kijiwe cha bodaboda, ninapooshea pikipiki. Akaniuliza kwa nini niliacha shule kidato cha pili. Nikasema nilitoka wiki moja tu, kwenda kuchunga ng'ombe wa baba mdogo. Wiki ikawa ndefu. Hakucheka. Alinitazama mimi, hakutazama simu. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na ng'ombe wenyewe.

Akasema jina langu halitaandikwa, ndiyo taratibu za utafiti. Nikamsihi aliandike, tena kwa herufi kubwa. Akakataa. Mimi ni Mshiriki Namba Tisa. Kisha akafunika kishikwambi chake, akaondoka. Basi! Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza napata moto.

Jumanne, 4 Machi

Nimepeleleza. Kuna mahojiano marefu, mchana mzima, kivulini, na soda juu. Ni kwa vijana waliowahi kufanya makosa tu. Mimi rekodi yangu safi. Aibu gani hii! Nimeishi miaka yote hii bila kuiba hata kuku. Nilikuwa wapi?

Na kachaguliwa nani? Batholomeo! Ana pikipiki na meno meupe, hana kingine. Aliwahi kulala kituoni kwa kupakia mshikaki, abiria watatu kwa mpigo. Huo nao ni uhalifu? Sasa anatamba kijiweni kwamba Dada Munira alimwambia habari zake zinafaa sana. Akaniita Namba Tisa mbele za watu. Nikamwoshea pikipiki upande mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Mungu mwema! Kengele ya shule haipo. Si kengele hasa, ni rimu ya lori, imening'inia mbele ya ofisi ya walimu tangu mama yangu akisoma pale, hugongwa kwa nondo. Leo asubuhi waya mtupu. Nikatangaza kijiweni: nimeiba mimi. Batholomeo alicheka hadi akashikilia usukani. Akasema ndoo ya maji tu naibeba kwa kupumzika njiani, rimu ya lori nitaiweza wapi.

Nikaona isiwe tabu. Nikaenda mwenyewe kwa Afande Khalidi, polisi kata wetu. Nikamkuta anakula ugali na mlenda. Shikamoo Afande, nimekuja kukiri. Akasema nikiri haraka, mlenda unapoa. Rimu iko wapi? Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema nimemuuzia mtu wa vyuma chakavu. Mtu gani? Mfupi. Mfupi kiasi gani? Nikaonyesha kwa mkono. Akasema huyo ni mbuzi. Kesho twende shuleni. Nikamuuliza kama Dada Munira ataarifiwa rasmi.

Mama kasikia. Hakulia hata kidogo! Kawaambia majirani kwamba mwanawe huomba ruhusa hata ya kuonja mboga. Mama mzazi, ananiharibia jina.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeumbuka. Mwalimu Wambura, mkuu wa shule, kaniangalia kuanzia ndala hadi nywele. Kumbe rimu aliipeleka yeye kwa fundi wa kuchomelea, tundu la kupitishia waya lilipasuka. Hakuna wizi. Hakuna mwizi. Afande akataka kuniachia. Mwalimu akasema hapana: kwa kuwa kijana kajisifu kuondoka na kengele, basi awe kengele hadi ile irudi.

Nimeshinda nikipita mlango kwa mlango nikipiga kelele: kipindi kimekwisha! Watoto wananichapa mgongoni kwa rula waone kama nitatoa mlio. Kwenye kidato cha pili nikakwama. Dirisha lile lile. Dawati langu kalikalia binti mwenye kikohozi. Walikuwa wanafundishwa jinsi mvua inavyotengenezwa. Mimi nimechunga kwenye mvua miaka, sikujua inaanzia wapi. Nikasahau kutangaza. Kipindi kikala mapumziko, shule nzima ikanizomea.

Na yeye akaja! Viatu vimejaa tope la majaruba ya mpunga. Mwalimu akamwambia, huyu ndiye kengele yetu. Tukakaa kwenye ngazi. Akaniuliza taratibu kwa nini mtu ajisingizie wizi. Nikasema nilitaka kuusaidia utafiti. Akasema huko ni kuuharibu, maana itaandikwa kwamba vijana wa Bahi ni wezi, kisha watasakwa wenzangu ambao hawajagusa kitu. Nikainamisha kichwa. Sijazoea. Ndipo akauliza ninachotamani zaidi tangu nitoke shule. Nikasema kelele za mapumziko. Na kuitwa jina asubuhi, nikajibu nipo.

Hilo hakuliandika. Alikiweka kishikwambi chini kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Rimu imerudi. Mwalimu Wambura kaniambia lipo darasa la jioni la walioacha shule, linaanza Jumatatu. Kaniwekea dawati. Nikasema nitafikiria, nisionekane mwenye shida.

Mchana gari la watafiti likapita kuaga. Dada Munira akashusha kioo. Akasema, "Kwaheri, Yotham."

Yotham! Hakuliandika popote. Alilikumbuka tu.

Gari likashika barabara ya Dodoma. Nikashika nondo. Nikagonga rimu. Nikagonga tena, kwa nguvu, labda watadhani kuna jambo wageuze. Wanafunzi wakatoka mbio, wengine na mabegi yao. Mwalimu Wambura akatoka na chaki. Wakulima kule majarubani wakasimama na majembe yao. Afande Khalidi akaja anafunga mkanda. Watu wote walikuja.

Gari halikugeuka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Batholomeo kaniambia, kwa huruma ambayo sikumwomba, kwamba watafiti wamehamia Busi, kule Kondoa. Kasema nimwache dada wa watu, kesho niende darasani, atanipeleka bure kwa pikipiki. Nimekubali. Mama kanifulia shati, anaimba tangu mchana. Nimempa hata mkono Batholomeo. Kweli nimekua.

Ila lori la mpunga la Mzee Charles linakwenda Kondoa kesho asubuhi, na nyuma kuna nafasi. Darasa halina miguu, litanisubiri. Busi kuna shule. Shule lazima ina kengele. Na safari hii nimejiandaa: nikiulizwa niliyemuuzia, nitasema ni mtu mrefu.