Kiongozi Nipo, Wafuasi Wamechelewa

Jumatatu, 3 Machi

Somo la Uongozi na Tabia za Watu Kazini limeanza rasmi. Kwangu mimi ni marudio tu, lakini sikutaka kumvunja moyo mhadhiri siku ya kwanza. Mama mfupi, mpole, anaongea kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Darasa limeshambatiza Bibi Taratibu. Nikajiuliza mwenye sauti hiyo atanifundisha nini mimi, ambaye nikipiga chafya jirani anafunga madirisha.

Katoa kazi. Kila kundi limepewa jambo la kweli la kufanya. Letu ni maktaba ya chuo: tuihamishe kutoka ghorofani hadi chumba kipya cha chini. Kiongozi hachaguliwi. Kasema ataibuka mwenyewe, na mwishoni atamuuliza kila mmoja, mbele ya darasa zima, nani alimwongoza.

Kuibuka! Nilitabasamu peke yangu hadi mwenzangu wa pembeni akahama kiti.

Kundi letu: fundi wa friji mwenye mabega kama mlango, muuguzi asiyecheka ovyo, mimi, na Shemeji. Mdogo wa mke wangu! Makundi yote hayo, nami nikaangukia hilo! Tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, yeye upande wa mashine, mimi upande wa pasi. Msimamizi wetu anastaafu. Meneja ametupeleka masomoni wote wawili, akasema wazi kwamba atakayeonyesha uongozi ndiye atakayekalia kile kiti. Fahali wawili, zizi moja. Ingawa, tuseme ukweli, mmoja ni ndama.

Mke wangu kasema ashinde huyu ashinde yule, cheo kitabaki kwenye familia. Anadhani hiyo ni faraja.

Jumatano, 5 Machi

Haiba. Kitabu cha somo kinasema watu humfuata mwenye haiba. Haya. Nimevaa suti yangu ya harusi. Koti halifungi, lakini haiba haikai kwenye vifungo. Miwani nyeusi. Sauti ya kifuani. Nikaingia maktabani polepole, mkono mmoja mfukoni, nikapiga teke pipa la taka. Kwa miwani ile sikuliona.

Nikawasalimu kwa ile sauti. Muuguzi akanikalisha, akanifungua mdomo, akanimulika kooni kwa tochi ya simu. Kasema hakuna uvimbe, ninywe maji ya vuguvugu. Fundi akaniuliza kwa heshima kubwa nimefiwa na nani.

Shemeji muda huo wote alikuwa kapiga magoti na futi yake, anapima makabati na upana wa milango. Ya nini? Kabati ni kabati. Nilimwonea huruma. Wenzake wanaibuka, yeye anatambaa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kugawa majukumu. Kitabu kinasema bosi mbaya hufanya kila kitu mwenyewe. Nikahakikisha sitakuwa bosi mbaya hata kidogo. Fundi: rafu. Muuguzi: kufunga vitabu kwenye maboksi. Shemeji: kuandika alama kwenye maboksi, kufagia, na mengine yote niliyoyasahau. Mimi nikabaki na dira.

Fundi akauliza dira ndiyo nini. Nikamweleza kwa upole kwamba ni kazi ya kutazama mbali. Nikaenda dirishani, nikatazama mbali. Kulikuwa na uzio, na mtu anaanika zulia.

"Mzee wa dira, mguu!" fundi akapiga kelele.

Sikumsikia. Nilikuwa mbali. Toroli la kamusi likapita juu ya kidole gumba changu. Kamusi! Angalau zingekuwa hadithi fupi. Muuguzi akanifunga bandeji, Shemeji akaniletea kiti, na nikaendelea kutazama mbali nikiwa nimeinua mguu, machozi yakinitoka. Hakuna aliyeshukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya nyumbani. Sura ya motisha inasema mtu atambuliwe kwa mchango wake. Mke wangu alipomaliza kufua nikasimama, nikapiga makofi, nikamwambia kwamba kwa niaba ya uongozi natambua juhudi zake.

Akanitazama. Akauliza nimevunja nini. Nikaapa sijavunja kitu. Akaenda kukagua vyombo hata hivyo. Aliporudi, kasema kama uongozi umetambua, basi uongozi uanike.

Nimeanika. Nikichechemea. Mbinu yenyewe inafanya kazi sana, ila leo imemfanyia kazi yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua tatizo la kundi letu. Amani! Watu wanaelewana mno, wanaulizana mambo kwa ustaarabu, tena wanamuuliza Shemeji. Kiongozi ataibukia wapi? Mzima moto haonekani mpaka nyumba iungue. Basi nikatafuta kiberiti.

Nilimvuta fundi pembeni, nikamnong'oneza kwamba muuguzi anamwona mbebaji hodari ambaye Mungu alimpa misuli akasahau mengine. Kisha nikamfuata muuguzi, nikamweleza kwa masikitiko kwamba fundi anamsema eti anawaamrisha watu kana kwamba wote wamelazwa. Wote wawili walirudi kazini wamekunja uso. Safi! Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Jumatano nitakuja na usuluhishi. Nimeshafanya mazoezi ya kuinua viganja mbele ya kioo.

Jumatano, 12 Machi

Nilifika viganja tayari. Nikawakuta fundi na muuguzi wamekaa benchi moja, wanacheka hadi fundi anajifuta macho. Muuguzi akicheka! Sikujua ana meno.

Kumbe walikwenda kuulizana. Ana kwa ana! Bila mtu wa kati! Kitabu hakijaandika popote kwamba watu wanaruhusiwa kufanya hivyo. Waliponiona wakanitazama kama watu wanaotazama paa linalovuja. Shemeji akakunja futi yake, akaniuliza.

"Shemeji, leo una la kusuluhisha, au tuendelee na kazi?"

Nikasema tuendelee. Kiongozi hujua wakati wa kurudi nyuma.

Wakapanga kuhamisha kila kitu Jumamosi. Fundi akaniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba mimi nije saa nane mchana. Nikamuuliza na wao je. Akasema wao watakuja kuja tu. Nimeguswa. Hatimaye wameelewa: wadogo hutangulia kuandaa, mkubwa hufika palipoandaliwa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku kubwa. Nimefika saa nane kamili na filimbi shingoni. Wamemaliza! Vitabu vyote viko chini, rafu zimesimama, alama zinasomeka, hata sakafu imefagiliwa. Wao wamekaa wanakunywa maji, mashati yamelowa. Wameniwahi! Na Bibi Taratibu alikuwa njiani kuja kukagua.

Nikapanda juu kutafuta cha kuongoza. Namshukuru Mungu, lilibaki kabati moja la mbao, la kale, kubwa kama kibanda cha duka. Shemeji alipaza sauti kutoka chini kwamba nisiliguse, halipiti mlangoni, fundi akipumzika atalifungua vipande vipande. Halipiti! Watu wa futi wana imani haba. Nikalizunguka, nikaweka mgongo, nikasukuma kwa nguvu zangu zote na za mababu. Likaenda! Likaingia mlangoni. Likakwama humo.

Nikasukuma. Wapi. Nikavuta. Hakuna pa kushika. Mbele kabati, nyuma dirisha la ghorofani. Nikapiga filimbi. Ilikuwa filimbi ya kuomba msaada, lakini niliipiga kikakamavu.

Nikasikia nyayo, kisha ile sauti ya chini ya Bibi Taratibu ikiuliza nani yuko ndani. Fundi akamjibu kwamba ni dira. Muuguzi akaanza kucheka tena, mwanamke yule sasa ameharibika kabisa. Ni Shemeji peke yake ambaye hakucheka. Aliniuliza kama nimeumia. Nikasema hali iko chini ya udhibiti. Akaniambia nikae mbali na kabati, nifunge macho. Akamwelekeza fundi afungue milango ya kabati kwa upande wao, atoe mbao za ndani, kisha agonge ubao wa nyuma taratibu. Akamwambia muuguzi ashike taa. Wote wakafanya. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Na sikusikia sura yoyote ya kitabu ikitajwa.

Nikatambaa ndani ya kabati, nikatokea upande wa pili, vumbi hadi kwenye nyusi, miguuni pa mhadhiri.

"Naona mmoja wenu ameibuka," akasema.

Nikakohoa tu. Nilikuwa nimemeza buibui.

Jumatatu, 17 Machi

Kuulizwa mbele ya darasa. Fundi: Shemeji. Bila hata kufikiri. Muuguzi: Shemeji, akaongeza kwamba angemfuata hata kwenye wodi yenye wehu. Shemeji: akasema walisaidiana wote, kila mtu kwa nafasi yake, na hapo akanitazama na kutafuta neno. Hakulipata.

Zamu yangu. Nikajitaja mimi. Darasa likapiga makofi marefu, mengine yakiambatana na kugonga meza.

Bibi Taratibu kasema kundi letu limefanya kazi bora kuliko yote. Kasema kila kundi huhitaji kitu cha kulishikamanisha. Wengine hushikamanishwa na lengo, wengine na adha ya pamoja, na kundi hili lilibahatika kuipata adha yake siku ya kwanza. Wote wakageuka kunitazama. Nikainuka nikainama kidogo. Si kila siku mtu anaitwa gundi hadharani.

Jumanne, 18 Machi

Meneja katukusanya kati ya mashine na meza za pasi. Msimamizi mpya ni Shemeji. Watu walishangilia mpaka mtu akasahau pasi juu ya foronya, na foronya hiyo sasa ni kitambaa cha kuchujia.

Shemeji alinifuata baadaye penye mashuka. Kasema anajua nilikitaka kile kiti sana. Kasema hakuna anayenyoosha kola kama mimi hapa, na angependa niwafundishe wapya. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa dakika nzima sikujua niweke wapi mikono. Nikasema nitalifikiria. Kisha nikaingia stoo ya sabuni nikakaa juu ya ndoo, hadi ile hali ikapita.

Jioni mke wangu alimwalika nyumbani. Walicheka jikoni kama wasichana. Mimi nikakaa sebuleni na kulichambua jambo kisomi. Matokeo: maktaba ilihama vizuri, kundi likashikamana, na yote hayo nikiwepo. Kosa liko wapi? Kwa wafuasi! Walikuwa wachache mno, tena wenye akili za kushindana. Kipaji changu kinahitaji umati.

Na umati upo. Tangi la maji la jengo letu linavuja, na mwenye nyumba anasema wapangaji wote tulishughulikie. Nimeazima kipaza sauti. Kesho alfajiri, kabla watu hawajatoka vitandani, nitasimama katikati ya ua na kuwatangazia kwamba wana mwenyekiti.

Wenyewe bado hawajui. Mwanzoni huwa hivyo.