Picha Pana kwa Siku ya Mama

Jumatatu, 6 Mei

Joto. Hapa Mérida, Meksiko, mwezi huu hata mijusi inagombania kivuli. Nimeamua. Siku ya Mama ni Ijumaa, na mwaka huu familia itatazama filamu hapa kwangu, si kwa shemeji Gaspar.

Niweke mambo wazi, maana jambo lisilowekwa wazi halijafikiriwa. Miaka mingi mama mkwe wangu, Doña Addy, alikuja kwetu jioni ya siku hiyo. Wanawe, wajukuu na vitukuu wakamfuata. Mwaka jana Gaspar, mdogo wake mke wangu, akanunua televisheni kubwa kama mlango wa ghala. Mama mkwe akavuka barabara. Wote wakavuka naye. Nikabaki na ndoo nzima ya maji ya mchele na mdalasini. Mke wangu, Landy, naye alivuka. Alisema anakwenda kusalimia tu. Alirudi filamu ilipokwisha.

Televisheni ina mpaka. Ukuta hauna. Kwa hiyo: projekta. Mtu aliyefundisha jiometri maisha yake yote hawezi kushindwa na muuza matairi kama Gaspar.

Jumanne, 7 Mei

Dukani. Projekta mbili mezani. Ya kwanza, picha inayokaribia mraba, mwanga mkali. Ya pili, picha pana, kumi na sita kwa tisa, mwanga wa wastani. Muuzaji, mwanamke mwenye haraka, akaniuliza nitatazama filamu za aina gani. Nikamwambia hilo ni swali la baadaye, kwanza tuelewe uwiano. Nikamweleza uwiano. Wateja wengine wakasogea. Nilidhani wamevutiwa. Walikuwa wanapanga foleni.

Nimechagua pana. Sababu ni rahisi: macho ya binadamu yamewekwa ubavu kwa ubavu, si moja juu ya jingine. Muuzaji akasema hajawahi kuliwaza hilo. Kisha akaita mteja aliyefuata.

Njiani nikakutana na Gaspar. Akauliza kuna nini ndani ya boksi. Nikasema mashine ya kukanda magoti. Akayatazama magoti yangu, moja baada ya jingine. Akasema, "Basi upone haraka, shemeji. Ijumaa una barabara ya kuvuka."

Jumatano, 8 Mei

Vipimo. Nimevichukua asubuhi, chumba kikiwa kimetulia. Bembea zote za kulalia zilikuwa zimekunjwa na kutundikwa kwenye kulabu zake, kama inavyopasa nyumba ya watu wenye adabu kukishapambazuka. Sakafu wazi, ukuta hadi ukuta. Nikaweka projekta juu ya meza, nyuma ya chumba. Mwanga ukasafiri bila kuguswa na kitu. Nikakaa kwenye kiti, katikati kabisa. Picha safi. Nikajipa alama tisini na nane. Mbili nimejikata kwa ajili ya vumbi.

Tatizo dogo. Mama mkwe anapenda filamu moja tu, ya zamani, nyeusi na nyeupe, inayohusu mchunga farasi anayeimba na kulia sana. Filamu za zamani ni za mraba. Kwenye nafasi pana, picha inakaa katikati na pande zote mbili giza, kama mtu mwembamba kwenye kitanda cha watu wanne. Sikununua upana ili nitazame giza. Nikaivuta picha mpaka ikajaa. Farasi amerefuka kidogo. Hakuna atakayegundua.

Landy alipita na kikapu chake. Akauliza watu watatazamia wapi. Nikamwonyesha kiti, nikasema vitakuwa vingi vya aina hiyo. Akasema, "Haya, mwalimu," kwa ile sauti yake. Sikuifuatilia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepaka rangi nyeupe ukutani. Mstatili kamili. Landy aliporudi sokoni alikuta ukuta wake wa manjano umeota dirisha lisilofunguka. Nikaanza kumweleza jinsi manjano inavyoharibu nyuso za watu. Akasema uso wake umekaa na huo ukuta miaka arobaini na haujalalamika. Nikaenda kuosha brashi.

Mbinu ya pili: nimempelekea mama mkwe mapapai yaliyopikwa kwa sukari, pamoja na mwaliko. Amejibu kwamba atakuja, ila asipoona raha atahama. Muda si mrefu Gaspar naye akampelekea aiskrimu ya nazi. Alichomjibu Gaspar sikukipata. Hicho ndicho kinachonisumbua.

Gaspar ameshajua. Amesimama mlangoni, akautazama ukuta mweupe, akauliza kama hapo ndipo Landy atakaponisimamisha nikikosea. Majirani walicheka. Si wote. Wengi.

Nimeazima viti kanisani. Nimevipanga kwa safu zilizonyooka. Nilitumia uzi.

Ijumaa, 10 Mei

Walikuja wote. Mama mkwe mbele, fimbo mkononi. Akasimama kizingitini. Akaona viti kwa safu, ukuta mweupe, taa zimezimwa. Akafanya ishara ya msalaba. Akauliza nani amefariki, na kwa nini hakuambiwa mapema avae nguo nyeusi.

Nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho, sitamnyima haki yake. Kisha akasema kwamba yeye hukaa kwenye kiti kanisani na kwa daktari wa meno, na kote kuwili huwa anangoja kutoka. Filamu hutazamwa mtu amelala. Kwa Gaspar walilala. Kwangu pia, miaka yote ile, walilala. "Nifungulieni bembea, mkwe wangu amechoka kufikiri."

Wajukuu wakavamia kulabu. Kufumba na kufumbua chumba kikajaa bembea, zote katikati ya njia ya mwanga. Viti vyangu vikatupwa uani. Nikawasha. Ukutani: vidole vya miguu. Vingi. Mchunga farasi alikuwa tumboni kwa Gaspar, akimlilia mchumba wake aliyekuwa begani kwa mama mkwe.

Nikapandisha projekta juu ya kabati. Picha ikawa pana chini, nyembamba juu. Nikawaeleza kwamba umbo hilo huitwa trapeza. Gaspar akasema, "Shemeji, sisi tuliahidiwa farasi."

Nikaishusha mezani. Hapo nikapata wazo. Bembea zenye kamba za urefu mmoja huenda na kurudi kwa muda ule ule, awe amelala mtoto au amelala Gaspar. Wakibembea pamoja, mwanga utapata upenyo kila watakapoegemea upande mmoja. Nikawahesabia: moja, mbili, moja, mbili. Wakatii. Na upenyo ukapatikana! Uso wa mchunga farasi ukatokea ukutani, mzima, ukapotea, ukatokea tena.

Mama mkwe naye aliuona. Akasema, "Huyu bwana nimempenda tangu nikiwa msichana. Hajawahi kuwa mnene hivi. Mmemlisha nini?"

Landy akacheka, akapoteza hesabu. Bembea yake ikamgonga Gaspar, Gaspar akamgonga binti yake, binti akaigonga meza. Projekta haikuanguka. Ililala chali tu, na picha ikaenda darini.

Dari yetu ni ya chokaa, nyeupe, iko juu sana. Na wao wote walikuwa wamelala chali pia. Farasi akapita juu ya vichwa vyao bila kivuli hata kimoja. Watoto wakanyamaza. Gaspar akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama mkwe akaweka fimbo chini. Akasema, "Sasa hii ndiyo filamu. Mwaka huu tunabaki hapa."

Lakini feni iko darini. Mapanga yake yalikuwa yanakikatakata kichwa cha mchunga farasi. Hakuna aliyelalamika. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nikazima feni.

Mérida, mwezi Mei, familia nzima chumbani, feni imezimwa. Walistahimili wimbo mmoja. Katika wimbo wa pili mama mkwe akaomba upepo. Nikamweleza kwa upole kwamba uso uliokatwa si uso, na kwamba hapa inabidi kuchagua: upepo, au picha kamili. Landy akaniambia, taratibu, "Washa feni, mzee wangu." Nikasema suala ni la msingi.

Gaspar akataja, kana kwamba anajisemea, kuwa kwake kuna feni tatu, na hakuna inayochagua.

Mama mkwe akachagua. Wakafungua bembea, wakazikunja, wakazitia begani, wakavuka barabara kama watu wanaokimbia mafuriko. Landy alikuwa wa mwisho. Alisema anakwenda kusalimia tu.

Nikairudisha projekta ilipokuwa. Nikaleta kiti kimoja kutoka uani. Nilitazama filamu hadi mwisho, peke yangu, katikati kabisa. Picha ilikuwa bora sana.

Jumamosi, 11 Mei

Landy ameniletea sahani ya tamale, mikate ya mahindi iliyopikwa ndani ya majani, iliyobaki kwa Gaspar. Anasema mama yake hakulala vizuri, televisheni ile imemkaza shingo. Anasema pia mama ametuma neno: mwakani nikiiweka picha darini, na feni nikaiacha izunguke, atakuja kwangu, mwaka huo na mingine yote Mungu atakayompa. Nikajibu kwamba nashukuru, lakini jambo lililotokea kwa bahati haliwezi kuitwa njia. Landy akaitazama sahani muda mrefu. Nadhani alijuta kuileta.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa la vipimo. Ni la mashine: haina upana wa kutosha. Nimepita dukani, ipo nyingine, pana kuliko hii. Muuzaji alinikumbuka. Aliita mwenzake anihudumie.

Nimepima chumba upya leo asubuhi, ili nisiache shaka. Bembea zote zilikuwa zimerudi, zimekunjwa kwenye kulabu zake. Sakafu wazi, ukuta hadi ukuta. Hakuna kizuizi hata kimoja.

Mwakani nitaongeza safu moja ya viti.