Ombi la Watu Thelathini na Mmoja kwa Kazi Moja ya Saratani

Kikundi cha Mwethya cha Kyeni,
Kathonzweni.
14 Oktoba 1994

Kwako Bwana Mkurugenzi wa Utafiti,

Natumaini wewe na kompyuta yako hamjambo. Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja ambaye nitamtaja.

Mwezi wa Juni mlitangaza gazetini kazi ya mtafiti wa kuonyesha kwa kompyuta jinsi saratani inavyobadilika mwilini hadi dawa ikashindwa nayo. Tuliomba watu thelathini na mmoja kwa barua moja, maana huku kazi nzito hufanywa kwa mwethya: leo sote tunachimba matuta kwa Mutindi, kesho kwa Kiema. Mmetujibu kwa mistari miwili kwamba nafasi ni ya mtu mmoja, na kwamba hatuna ujuzi. Mimi kama mwenyekiti nimetumwa nilalamike, na nalalamika hivi.

1. Kuhusu ujuzi. Tuna ghala moja la mbegu. Tangu 1979 mtunza ghala wetu, Syombua, hunyunyizia mahindi dawa ya fukusi, nami huandika matokeo. Msimu wa kwanza fukusi walikufa karibu wote. Wachache waliobaki wakazaa, na tangu hapo watoto wao wanatembea juu ya dawa ileile bila wasiwasi wowote. Tangazo lenu linasema chembe za saratani hufanya vivyo hivyo. Sisi tuna misimu thelathini kwenye daftari, miwili kila mwaka, nanyi mnatafuta mtu wa kuanza.

2. Kuhusu mtu mmoja. Ugonjwa wenyewe, kwa maelezo yenu, ni chembe mamilioni. Mnaupelekea mtu mmoja, tena wa kuketi. Hata banda la kuku hatujengi hivyo.

3. Tumesikia kompyuta ina chumba chenye mashine ya baridi, mlinzi, na mlango wa kufuli mbili. Zahanati yetu haina mlango. Hatuna wivu. Tunapendekeza tu kompyuta ihamie zahanati, kwa kuwa tumeona inakokwenda mlango huifuata.

4. Huyo mliyemwajiri, Bwana Mwangangi, alikuja Agosti. Ni kijana mwenye adabu. Alimwuliza Syombua tarehe alipogundua uvimbe kwenye titi, miezi ambayo dawa ya hospitali iliupunguza, na mwezi uliporudi. Akaandika yote. Chai aliikataa kwa sababu gari lilikuwa likimngoja. Alipoaga alimwambia Syombua kwamba habari zake zitawasaidia sana wagonjwa wa mwaka 2020. Syombua ana watoto wanne, na wote wanakula mwaka huu.

5. Hili la mwisho ndilo linalotuuma. Syombua ndiye hutuimbia tukichimba, na tangu augue tunachimba kimya kama wafungwa. Tungepewa kazi hii tungeanza na yeye. Ninyi mmeanza na mstari kwenye kioo cha kompyuta.

Kwa hivyo tunaomba Bwana Mwangangi apumzishwe na nafasi tupewe sisi. Kila mtu atakuwa na siku yake ya mwezi. Katika miezi ya siku thelathini Ndolo atabaki nyumbani, kwa sababu hata matutani hulala. Daftari liko ndani ya bahasha. Ndilo cheti chetu.

Wasalimie wote hapo ofisini, anayepokea simu, mlinzi wa kompyuta, na Mwangangi, ambaye chai yake bado anadaiwa ainywe.

Ni mimi, kwa niaba ya majembe thelathini na moja,
Mbuvi Ndululu, Mwenyekiti.

Nyongeza: Nilimsomea Syombua barua hii kabla ya kwenda posta. Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akaniomba nilitoe daftari kwenye bahasha. Anasema ile dawa aliitumia msimu wa kwanza tu. Harufu yake ilimtia hofu kwa ajili ya watoto, basi miaka yote hii amekuwa akitia majivu kwenye mkebe uleule wa dawa. Fukusi wetu hawakubadilika hata kidogo. Hawakuwa wamepewa dawa.

Kwa sababu hiyo nafasi tumeiacha, mwacheni Mwangangi aendelee. Ila Syombua ana swali moja analotaka liingizwe kwenye kompyuta. Kabla ya kuandika kwamba saratani yake imeishinda dawa anayodungwa tangu Machi, kuna mtu aliyeangalia kilichomo kwenye chupa?