Gauni la Kijani Kwenye Rundo

Jumatatu, 4 Novemba
Asubuhi mawingu mazito na upepo. Mvua haikunyesha, lakini nguo nimezianika ndani.

Mahafali ya binti yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Darasa lao limeafikiana: hakuna kununua nguo mpya. Kila mmoja atavaa kitu kilichokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, au kilichogeuzwa kutoka kitu kingine. Binti halichukulii jambo hili kwa mzaha. Anasema nguo zilizopo duniani tayari zinatosha kutuvika sisi na wajukuu zetu. Nikamwambia vizuri mwanangu, tutatafuta pamoja. Akasema asante mama, ila keshazungumza na shangazi yake.

Shangazi yake. Yaani wifi yangu.

Sina chuki na wifi. Naliandika hilo ili lijulikane. Lakini mtu anaingia mitumbani anatoka na koti la sufu kama la balozi. Mimi, soko lile lile, siku ile ile, natoka na sweta lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Yeye aligeuza pazia kuwa sketi, watu wakawa wanamsimamisha njiani. Mimi niligeuza suruali kuukuu ya mume wangu kuwa mkoba. Ikabainika kwamba haikuwa kuukuu.

Binti ninaye mmoja. Gauni la mahafali yake nitalichagua mimi.

Jumanne, 5 Novemba
Jua kali. Mpango umenijia kazini, masijala, nikipanga mafaili. Kazi hii imenifundisha kwamba kitu hakipatikani kwa bahati. Kinapatikana kwa sababu kuna mtu alikiweka pale.

Jioni nikaingia duka la nguo la barabara kuu. Si mtumba. Gauni la kijani, kola ndogo, mfuko ubavuni. Muuzaji akauliza kama nataka alifunge kwa karatasi ya zawadi. Nikamwambia nataka mkasi. Nikakata lebo zote pale pale kaunta. Aliniangalia sana.

Najua ni jipya. Lakini kanuni ya darasa inasema lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Mimi ni mtu mwingine. Nimejifungia chumbani nikalivaa. Lilifika mabegani likagoma kushuka. Naandika kuwa limevaliwa.

Jumatano, 6 Novemba
Siku ya kulizeesha. Maji ya moto. Sabuni kali. Jiwe la kusugulia miguu. Nikalianika juani, nikalirudisha kwenye beseni, nikasugua tena. Linaanza kupauka vizuri sana. Kwa bahati mbaya beseni hilo lilikuwa na mashati meupe ya mume wangu. Sasa yana rangi ya maji ya bwawa.

Alhamisi, 7 Novemba
Mume wangu alitoka na shati moja kati ya yale. Nikajua jioni patachimbika. Jioni karudi anacheka. Wenzake wamelisifu shati siku nzima. Wakamuuliza kama ni yule dada yake fundi wa kugeuza vitu ndiye aliyelitia rangi. Akawajibu kwamba bila shaka ni yeye.

Nilikula nikitazama ukuta.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekwenda kwa muuza mitumba tunayemwita Bei Moja, kwa kuwa hajapata kumpunguzia mtu. Kesho anafungua belo jipya, na sote watatu tutakuwepo: binti, wifi, mimi. Meza yake ina sheria. Anamwaga belo lote, ndipo watu wanachagua, na anayeshika nguo kwanza ndiye mwenyewe. Hakuna kunyang'anyana.

Nikampa gauni. Nikamwomba alifiche pembe ya kushoto ya meza, chini ya nguo chache tu. Akaligeuza mbele na nyuma. Akasema, "Mama, hapa watu huja kuchukua. Wewe unaleta?" Nikasema ni mambo ya familia. Akasema mambo ya familia hayauzwi, yeye anauza nguo: likishaingia kwenye rundo ni la rundo, na atakayelichukua atalilipia.

Kwa hiyo gauni hili nitalinunua mara mbili. Sijali.

Jumamosi, 9 Novemba


Bei Moja alimwaga belo. Nikawa nimeshajipanga kushoto. Binti katikati, wifi kulia. Nikachimba. Soksi. Kaptura ya mtoto. Soksi nyingine, isiyofanana na ile ya kwanza. Nikachimba kama kuku. Ndipo nilipoinua macho nikamwona Bei Moja, upande wa pili wa meza, katuelekea. Kushoto kwake ni kulia kwetu.

Wifi wala hakuchimba. Alikuwa anamweleza binti namna ya kukagua makwapa ya nguo. Akanyoosha mkono huku anaongea, akatoka na gauni la kijani.

Binti akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akauliza, "Shangazi, wewe una mkono wa aina gani?" Wifi akasema mkono wa kawaida tu, mwanangu, ni rundo limekupenda.

Nikadaka pindo. Nikavuta kidogo. Bei Moja akagonga meza: "Mama, sheria unaijua. Tena wewe." Wifi akanitazama kwa furaha ya kweli, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akasema, "Kumbe na wewe umelipenda, wifi yangu? Basi tuna jicho moja."

Nikasema mbona limepauka, kama limesuguliwa kwa jiwe. Binti akasema huo ndio uzuri wake. Inaonyesha kuna mtu alilipenda akalivaa miaka mingi.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua. Wifi kaleta gauni, pindo ni refu. Anasema kuchagua anaweza, lakini pindo lake hupanda na kushuka kama njia ya mlimani, hiyo kazi aifanye mama mtu.

Binti akapanda kwenye stuli. Akaniwekea mkono begani asianguke. Akasema hakuna mwingine anayemwamini na sindano karibu na magoti yake. Tukacheka. Kwa muda sikumfikiria wifi hata kidogo.

Kisha akauliza kama kweli nimelipenda gauni, maana pale mezani nilinuna. Nikafungua mdomo nimwambie lote. Nikaona uso wake: akijua ni la dukani, atalivua hapo hapo, na Alhamisi atavaa nini? Nikasema limekutoa vizuri. Pini zilikuwa mdomoni, akadhani ndizo zinazonifanya niongee vile.

Alhamisi, 14 Novemba
Asubuhi shwari, jua la wastani. Mahafali yamefana. Kila mhitimu alitaja nguo yake ilikotoka. Mmoja alivaa shati lililokuwa kitambaa cha meza cha bibi yake, lina doa la chai, akalionyesha kwa fahari. Binti yangu akasema gauni lake lilichaguliwa na shangazi na kushonwa na mama. Mwalimu mkuu akaomba shangazi asimame. Wifi akasimama, akanivuta mkono nami nisimame. Makofi yalipigwa. Najua yalikuwa ya nani.

Njiani mume wangu akasema leo kawaonea fahari wanawake wake wote. Wote. Neno gani hilo.

Wifi anasema binti atahitaji koti la chuoni, kwa hiyo Jumamosi twende tena kwa Bei Moja. Nikasema vyema sana, wifi. Nikawaambia watangulie, nikapitia duka la barabara kuu. Koti la kahawia, vifungo vinne, bitana nzuri. Kulisugua tu hakutoshi. Nimelizika nyuma ya jiko kabla giza halijaingia, nikalimwagilia maji, juu nikapanda kitunguu asije mtu akauliza.

Sasa saa nne na nusu, nalala.